Kitabu cha Nell katika Shamba la Sykora

Lavonne Kucera alikisoma kitabu cha Nell akiwa amesimama. Alikuwa amekitoa kwenye boksi muda huohuo, pale kaunta ya maktaba ya shule ya sekondari ya Prosek, akafungua ukurasa wa kwanza ili aone tu kama herufi zake zinasomeka. Kengele ya chakula cha mchana ilipolia bado alikuwa palepale, kiwiko juu ya kaunta, miguu imekufa ganzi.

Alizaliwa kwenye shamba magharibi ya mji huohuo. Alikwenda mji wa Lincoln kusomea ukutubi, akarudi kumuuguza mama yake, na mama alipofariki kila mtu alidhani atafunga mizigo. Hakufunga. Aliolewa na Ed wa ghala la nafaka, akamzika Ed, na katika miaka yote hiyo alikaa nyuma ya kaunta ile akiwatazama watoto wa Prosek wakiingia wakiwa na nyuso laini na kutoka wakiwa na ndevu. Hakujaliwa watoto. Lakini wanaume wenye mvi kule mjini, wenye trekta na wajukuu, bado walimwita Bi Kucera, kwa sababu kila mmoja aliwahi kuambiwa naye ashushe miguu mezani.

Alikuwa amesoma vitabu vingi vya watu wazima wanaojidai kukumbuka ujana. Wengi walikuwa wamesahau. Walikumbuka busu la kwanza na machozi ya mazishi, wakasahau kilichomo katikati: jinsi alasiri moja ya Jumapili inavyoweza kuwa ndefu kama maisha, jinsi neno dogo lililotupwa kwenye korido linavyokaa mwilini wiki nzima. Mwandishi wa kitabu hiki hakuwa amesahau kitu. Nell wake alikuwa na miaka kumi na mitano, akiishi katika mji wa migodi iliyofungwa, mbali milimani. Mama alikuwa ameondoka, baba aliziba matairi. Hakukuwa na muujiza wala muuaji. Nell alidanganya kwamba amekwisha kula. Alicheka utani uliomuumiza, tena akacheka kwa nguvu kuliko wote. Alikwenda na wenzake kwenye machimbo ya mawe, akanywa bia asiyoipenda, na mvulana mmoja alipomwekea mkono pasipotakiwa alinyamaza, kwa kuwa kunyamaza kulikuwa na unafuu kuliko kuchekwa shuleni Jumatatu. Mwandishi hakumhukumu wala hakumwokoa. Alikaa naye tu, ukurasa baada ya ukurasa, kama mtu anayekaa na mgonjwa bila kumwambia atapona.

Lavonne alikipiga muhuri akakiweka rafuni, mahali ambapo mkono wa mtu mrefu ungekifikia kwa urahisi. Alijua anachokifanya.

Mkono ulikuwa wa Brynn Sykora, binti wa mkulima Rolland, msichana mrefu aliyecheza voliboli mpaka msimu ule alipoacha bila kumweleza mtu sababu. Alikiazima shule ilipofunguliwa, na kila muda wake ulipokwisha alirudi kuomba aongezewe. Siku moja alisimama kaunta akisugua pembe ya kitabu kwa kidole gumba, akasema bila kuinua macho, "Bi Kucera, huyu aliyeandika alinijulia wapi?"

Lavonne hakumuuliza anamaanisha ukurasa gani. Alimwongezea muda, akamsogezea sahani ya biskuti, akamwambia kwamba mlango wa maktaba huwa wazi hata wakati wa mapumziko, na kwamba yupo mshauri wa shule anayejua kusikiliza, akitaka wataenda wote wawili. Brynn alichukua biskuti moja. Alikuwa hajakataa.

Wiki ile mahindi yalipoanza kuvunwa, Rolland alikiona kitabu chini ya kiti cha pikapu yake. Kikafunguka, kama bahati mbaya inavyopenda, palepale kwenye kurasa za machimbo ya mawe. Alisoma kurasa mbili amesimama uani, na asubuhi yake akatua ofisini kwa mkuu wa shule na buti za tope, akitaka kitabu kile kitoke rafuni na kisirudi. Alisema hakumpeleka mtoto shule akafundishwe ulevi na mambo ya gizani.

Shule ilikuwa na utaratibu wake. Anayelalamikia kitabu sharti akisome chote kwanza, ndipo bodi ya shule iketi kumsikiliza. Rolland aliposikia hivyo alicheka kwa hasira. Mahindi yake yamekauka yanasubiri, wingu limesimama kusini, na wao wanataka akae kitini asome hadithi za watoto walevi? Mkuu wa shule, mtu mpole aliyependa siku ziishe salama, alimfuata Lavonne maktaba na kumwambia kwa sauti ya chini kwamba ni kitabu kimoja tu, kati ya maelfu. Wangeweza kukiondoa kimya kimya na hakuna ambaye angejua.

Lakini mmoja angejua. Lavonne aliliona jambo hilo waziwazi kama anavyoona kiganja chake. Brynn angekuja kutafuta kitabu kile na kukuta nafasi tupu, na angeelewa kwamba kilichoandikwa mle ni uchafu. Na kwa kuwa kilichoandikwa mle ni yeye, angehitimisha kwamba yeye ni uchafu. Angefunga mdomo. Na mtoto akishafunga mdomo kwa sababu hiyo, Lavonne alikuwa ameona, huwa anaufunga kwa miaka. Wala hangeweza kwenda kwa baba na kumwambia, sikiliza, binti yako ana jambo. Alichoambiwa kaunta kilikuwa mali ya aliyekisema.

Kwa hiyo alasiri ile alifunga maktaba, akaingia garini akiwa na kitabu na chupa ya chai, akaelekea shambani kwa Sykora.

Wakati wa mavuno hakuna anayeshangaa kumwona mtu akipanda mashine ya kuvunia ya mwenzake. Kuna kiti kidogo pembeni ya dereva, na katika kiti hicho wake huleta mikate, watoto hufanyia kazi zao za shule, mchungaji huja kuzungumzia paa la kanisa. Lavonne alisimama mwisho wa mstari, mkono juu, na Rolland akasimamisha.

"Bi Kucera," alisema mlango ulipofunguka. "Umekuja kunitwanga?"

"Nimekuja kukusomea. Wewe endesha tu."

"Na nisipotaka?"

"Basi utakuwa mtu wa kwanza Prosek kumshusha mjane kwenye mashine wakati wa mavuno. Leland atautangazia mji wote kabla hujamaliza mstari huu."

Leland alikuwa mdogo wake, aliyeendesha trekta la trela lililopokea mahindi kutoka kwenye mashine, na mdomo wake ulijulikana. Rolland aliondoa kofia na sanduku la chakula kwenye kiti kidogo. Lavonne akakaa, akavaa miwani, akaanza ukurasa wa kwanza.

Ikawa hivyo kila alasiri. Mwanzoni Rolland alimsikiliza Nell kama mtu anayesikiliza mashtaka dhidi ya jirani. Alisema msichana yule anachohitaji ni kazi, apewe ndoo akalishe ndama. Alisema baba mwenyewe hajui kuziba tairi, hakuna mtu anayeanza upande ule. Alihesabu matusi kwa sauti, mpaka Lavonne akamwuliza kama anataka aendelee au ampe kalamu. Mabua yaliingia mbele yao safu kwa safu, vumbi la dhahabu likapanda hadi kioo, na sauti ya mwanamke mzee ikaendelea juu ya ngurumo, haina haraka, haina mbwembwe, inapita kwenye maneno mazuri na mabaya kwa mwendo uleule.

Kisha mizaha ikapungua. Aliyemsumbua Rolland hakuwa Nell, alikuwa baba yake. Hakuwa baba mbaya. Hakunywa wala kupiga. Kila jioni alimwuliza binti yake shule ilikuwaje, binti akajibu nzuri, na baba akapumua na kusogeza bakuli la viazi. Swali lake lilikuwa kama mlango unaofungwa kwa adabu. Lavonne alipofika sehemu kama hizo alimwona Rolland akikaza mikono kwenye usukani, ingawa usukani wa mashine zile siku hizi hujiendesha wenyewe.

Walifika sehemu ya machimbo ya mawe siku yenye upepo. Lavonne hakuruka mstari wala hakushusha sauti. Alisoma bia, alisoma mkono wa mvulana, alisoma ukimya wa Nell na vicheko vya wenzake kwenye giza. Alisoma Nell akirudi nyumbani, baba yuko mezani, anamwuliza kama huko nje kulikuwa na baridi. Kidogo, Nell anasema. Baba anafurahi kwamba kuna jambo analoweza kulitatua. Anamwambia wakati mwingine avae koti.

Nyuma ya vichwa vyao kukaanza mlio kama wa mvua ya mawe juu ya bati.

"Rolland," redio ya mawasiliano ilikoroma. Ilikuwa sauti ya Leland. "Umelala au umekufa? Tangi limefurika. Unamwaga mahindi chini kama mtu anayelisha kuku."

Rolland Sykora, aliyejulikana tarafa nzima kwamba hapotezi punje, alisimamisha mashine. Nyuma yake lilikuwa tuta la mahindi ya njano, limenyooka katikati ya shamba lililovunwa. Hakushuka kulitazama. Leland aliendelea kuongea redioni kuhusu mabata bukini na sherehe watakayofanya usiku wa leo juu ya punje zile kwa heshima ya familia ya Sykora, mpaka kaka yake akanyoosha mkono na kuizima.



"Brynn amekuambia kitu," Rolland alisema.

"Niulize kuhusu Nell."

"Sikuulizi kuhusu Nell. Nakuuliza kuhusu mwanangu. Mimi ni baba yake, Bi Kucera."

"Ndiyo maana si mimi wa kuulizwa."

Aligeuka akamtazama, na kwa kitambo Lavonne alimwona mvulana wa zamani aliyekuwa akijificha nyuma ya rafu za vitabu vya historia mwaka ule kaka yake mkubwa alipouawa na trekta, akijifanya anasoma. Alikuwa amemwacha ajifiche. Hakuwahi kumtaja kwa mtu, na Rolland, ambaye sasa alimtazama kwa hasira ya mtu aliyenyimwa maji, alilijua hilo kuliko wote.

"Kwani ni kweli wanaishi hivi?" aliuliza mwishoni. "Watoto wetu. Hapahapa."

"Si wote, na si kila siku. Lakini katika miaka yangu yote sijapata mwaka ambao hakuna Nell aliyesimama mbele ya kaunta yangu. Huwa hawasemi. Huomba kitabu."

Rolland aliwasha mashine. Baada ya safu mbili akasema, "Endelea."

Waliendelea mpaka mwisho, ambapo Nell hapati mchumba wala hahami mji. Anakaa tu kwenye ngazi za nyumba na rafiki mmoja na kumweleza jambo lile, vibaya, kwa kurudi nyuma na kuanza upya, na rafiki haondoki. Kitabu kinaishia hapo. Rolland alingoja kana kwamba kuna ukurasa uliobaki. Lavonne alivua miwani, akamshukuru kwa kiti, akashuka.

Bodi iliketi kwenye ukumbi wa chakula wa shule. Watu walikuja wengi kuliko kawaida, wengine kwa ajili ya kitabu, wengi kwa ajili ya kumwona Rolland akifoka. Lavonne alikaa mstari wa mbele akiwa na mkoba mapajani. Hakujua atasikia nini. Alikuwa ameamua kwamba kitabu kikiondolewa atatoa nakala yake mwenyewe, ataikabidhi mkononi kwa Brynn mbele ya mwenyekiti, na kama watamfukuza basi wamfukuze. Alikuwa katika mji huu tangu kabla ya bodi hii.

Mwenyekiti, mama aliyekuwa na saluni karibu na posta, alimwuliza Rolland kama amekisoma chote.

"Chote."

"Basi tueleze malalamiko yako."

Rolland alisimama huku ameshika kofia. Alisema bado hapendi matusi yale, na yupo tayari kumwambia aliyeandika ana kwa ana.  Akaizungusha kofia mikononi.

"Kitabu kibaki," alisema.

"Rolland, wewe ndiye uliyetaka kitolewe."

"Najua nilichotaka. Nasema kibaki."

Mtu fulani nyuma akauliza kwa nini, kwa sauti ya kuonyesha kwamba ameacha kazi zake ili aje. Rolland akamjibu kwamba sababu ni ya nyumbani kwake na haitoki nje, kisha akakaa chini. Kuna wanaume wangeisimulia, wakapigiwa makofi. Lavonne alimheshimu kwa kutofanya hivyo.

Alimkuta koridoni watu walipokwisha kutawanyika, amesimama mbele ya picha za timu za voliboli.

"Jana nilimwuliza," alisema bila kugeuka. "Sikumwuliza kuhusu shule. Nilimwuliza kwa nini aliacha kucheza, na kama kuna mtu aliyemfanyia kitu. Nilisema vibaya, Bi Kucera. Nilisema kama mtu anayekagua ng'ombe."

"Akasemaje?"

"Hakusema. Alitazama sahani." Alipitisha kidole chini ya fremu ya picha, kana kwamba anafuta vumbi. "Lakini hakuinuka. Siku zote huinuka. Tulikaa pale mpaka chakula kikapoa, mama yake akatoka akatuacha, bado tumekaa."

Lavonne aliona kwamba anataka kuambiwa kama hilo ni jambo kubwa au dogo. Rolland alikuwa amengoja koridoni hapo kwa ajili hiyo.

"Leo usimwulize tena," alimwambia. "Kaa tu."

Rolland alitikisa kichwa kukubali. Akavaa kofia, akaivua tena kwa kuwa bado wako ndani ya shule, akatoka kwa mwendo wa mtu anayechelewa chakula cha jioni.