Wafalme Kwenye Bomba la Nguo

Darasani walimwita Sindano, kwa sababu alikuwa mwembamba, mama yake fundi cherehani, na maswali yake yalimchoma mwalimu. Alikuwa kidato cha tano, na Historia ilikuwa inamponyoka. Uvivu hakuwa nao. Tatizo ni wale watawala wanne wa Uingereza wa karne ya kumi na sita, waliobadilisha dini ya nchi kila alipoingia mpya. Mtihani uliopita alimzika mmoja kabla hajazaliwa, akapata thelathini na moja.

Mwalimu wa Historia, mzee mkavu asiyepandisha sauti, alimwita pembeni. "Safari hii ukipata chini ya hamsini, unahamia somo lingine."

Sindano hakutaka somo lingine. Ugomvi wa wale watu aliupenda kama wengine wanavyopenda umbea wa mtaani. Mpangilio tu ndio uliokuwa unamtoa jasho.

"Wateja wangu wote unawajua kwa nguo zao," mama yake alimwambia, uzi mdomoni. "Hao wanne wanakushindaje?"

Basi Sindano akawatundika. Kwenye bomba la dukani la kutundikia nguo zinazosubiri wenyewe, koti pana la kijivu likawa Henri wa Nane, aliyetengana na Papa apate kuoa tena. Shati la shule likawa mwanawe Edwadi, aliyepewa ufalme akiwa na miaka tisa. Gauni jekundu likawa Maria, dada yake Edwadi, aliyeirudisha nchi kwa Papa. Mwisho, gauni la harusi lililokaa mwaka mzima bila mwenyewe kutokea: Elizabeti, malkia asiyeolewa.

Mwenye koti, mtu wa kitambi na mizaha, alimkuta akikariri.

"Kwa hiyo mimi nimeoa mara ngapi, mwanangu?"

"Sita, baba."

"Mke wangu asisikie. Huyu mmoja tu ananitosha."

Asubuhi ya mtihani alipita dukani kuwatazama mara ya mwisho. Mama alikuwa amelipanga bomba upya: gauni la harusi mbele, shati nyuma kabisa.

"Mama, umefanya nini?"

"Bibi harusi anakuja saa nne."

"Kumbe anaolewa?"

"Ulitaka azeeke?"

"Elizabeti haolewi, mama."

"Akija mwambie mwenyewe. Nenda, utachelewa."

Kwenye chumba cha mtihani, swali lilitaka aeleze mabadiliko ya dini chini ya watawala hao wanne. Alifumba macho akaliona bomba, na gauni la harusi liko mbele. Akilirudisha nyuma, koti linamponyoka. Robo saa ikaisha, karatasi nyeupe pe.

Ndipo akaliacha bomba, akamkumbuka mama yake akiletewa nguo iliyoharibiwa na fundi mwingine. Huitazama ndani, kwenye matundu ya uzi, akajua nani alitangulia. Anayefumua lazima aje baada ya aliyeshona. Maria alifumua, kwa hiyo baba na mdogo wake walishashona. Elizabeti alishona katikati, hakubana wala hakulegeza, na katikati haipatikani kabla pande zote mbili hazijaonekana. Akaandika mpaka kengele.

Siku ya kurudishiwa karatasi, mwalimu alisimama kwenye dawati la Sindano.

"Ukurasa wa pili. 'Mwaka 1534 koti la kijivu likatangazwa mkuu wa Kanisa.' Koti la nani?"

Darasa likaangua kicheko.

"Henri, mwalimu. Kalamu iliteleza."

"Imeteleza na alama tatu." Akafunua ukurasa. "Na hapa, kwamba kila mmoja alifumua mshono wa aliyemtangulia, na aliyeumia ni kitambaa, yaani wananchi. Haya umeyatoa kitabu gani?"

"Dukani kwetu, mwalimu."

Mwalimu aliitazama tena ile sentensi, kisha akaiweka karatasi mezani. Juu kulikuwa na hamsini na nne kwa wino mwekundu.

"Unabaki," akasema, akienda dawati linalofuata. "Jumatatu tunaingia Ufaransa. Huko waliogombana kwa ajili ya dini ni wengi kuliko hawa. Sijui utawavalisha nini."