Kapu la Usipa Katika Soko la Mbinga

Nianze na ujinga wenyewe: nilifungua kapu la zawadi la mama nikaonjesha soko zima.

Tulitoka Kihagara alfajiri kwenda Litembo, ambako dada yangu alikuwa amejifungua. Mama alibeba kapu la usipa, dagaa wa ziwani kwetu, aliowaanika mwenyewe siku tatu huku akifukuza kuku. Kwa wakwe, alisema, hakuendwi na kapu lililopwaya. Tulipofika Mbinga gari la Litembo lilikuwa halijajaa, akaenda kumtafutia mtoto shuka.

"Kaa na kapu hapa. Usisogee."

Nilisogea.

Ningefanyaje? Ng'ambo ya barabara kulikuwa na soko la zamani, la ndani. Sisi kwetu tunanunua samaki juani, miguu mchangani. Hapa kuna paa, nguzo nene kama mapaja ya mwalimu wetu wa michezo, na meza za saruji zilizolainishwa na viwiko vya akina mama tangu enzi za mababu. Maparachichi, karoti zenye udongo, maharage ya kila rangi. Kulikuwa na baridi tamu na harufu ya mvua. Nikapata meza tupu, nikaweka kapu, nikaanza kuigiza muuzaji.

"Njooni muonje. Nimewavua mwenyewe, nikiwa usingizini."

Walicheka, na kila aliyecheka alichota. Nilipotazama, kapu lilikuwa nusu.

"Kiasi gani?" akauliza mama wa maharage.

"Hawauzwi, mama. Ni zawadi ya wakwe."

"Sasa kelele zote zile za nini?"

"Mazoezi."

Nikaapa sitoki humo mpaka kapu lijae. Nikaanza na yeye.

"Umeonja kwangu, mama. Naomba na mimi nionje kwako."

"Maharage mabichi? Una meno ya ng'ombe?"

"Nitaonjea nyumbani, yakiiva."

Akashika meza kwa kicheko, akanipa konzi mbili za maharage. Jirani yake hakukubali kushindwa, akanipa tatu. Bibi mmoja alikataa.

"Mimi sikuonja."

"Shikamoo bibi. Lakini ulinusa."

Akanipa konzi moja, na kofi dogo la bega. Nilimaliza meza zote. Maharage nikayaweka chini, dagaa juu, nikawahi kituoni. Mama aliliinua kapu, akalisikia zito, akanitazama. Konda akatuita tupande.

Litembo, mama mkwe wa dada alilimimina kapu kwenye ungo mbele ya ukoo mzima. Dagaa wakaanguka. Kisha maharage, mekundu, ya njano, yenye madoa. Nyuma yake magunia ya maharage yalikuwa yamefika darini. Nilikuwa nimewapelekea Wamatengo, wakulima wa milima hiyo, maharage. Nikakiri yote, mpaka bibi aliyenusa.

Mama mkwe hakucheka. Aliyachambua kwa kidole.

"Haya ni mbegu nzuri, mkwe wangu. Na ngoro zetu za juu hazijapandwa."

Ngoro ni yale mashimo wanayochimba mlimani ili mvua isibebe udongo, mazao yakikaa kwenye kingo. Ukiwa chini, mlima mzima unafanana na sega la nyuki. Hesabu mwenyewe hayo mashimo.

Mama aliweka kikombe chini taratibu, akanigeukia.

"Umesikia, baba. Mimi narudi keshokutwa. Wewe utarudi ngoro zikiisha kupandwa."