Kaeni, Ila Msilizoee

Nimepanga vyumba katika miji mingi kiasi cha kuanza kuichanganya, lakini jirani niliyempenda kuliko wote ni fundi makochi mmoja ambaye nyumbani kwake hapakuwa na pa kukaa. Mtaa mzima ulimwita Misumari. Akiwa kazini huweka misumari midogo kati ya midomo, huichomoa mmoja mmoja na kugongelea kitambaa kwenye mbao, na kwa sababu hiyo hajibu mtu. Mteja akiuliza kazi itaisha lini, Misumari huguna tu. Baadaye niligundua kwamba misumari mingine huingia mdomoni baada ya swali, si kabla.

Karakana yake ilikuwa barazani, nyuma tu ya ukuta wa chumba changu. Ndani, sebule ilikuwa na meza, televisheni na nafasi kubwa tupu katikati. Nafasi hiyo ilikuwa ya makochi ya watu. Misumari alikuwa na utaratibu wake: kochi halirudi kwa mwenyewe mpaka likaliwe kwanza. Springi lazima zizoee uzito wa binadamu, alisema, na binadamu waliokuwa karibu ni mkewe na binti yao wa chekechea. Basi likaja kochi la kinyozi, likakaliwa, likaondoka. Likaja la daktari wa meno, la kijani, ambalo mtoto alililia lilipobebwa. Tangu hapo nyumba ile ikawa na sheria moja. Kila kochi likiingia, baba aliitangaza kama hakimu:

"Kaeni, ila msilizoee."

Chini ya kila fremu aliandika jina la mteja kwa chaki, kochi la huyu lisije likaenda kwa yule.

Mkewe alifanya kazi mapokezi hospitalini. Kutwa nzima aliwaambia watu "kaa hapo, utaitwa," kisha akarudi nyumbani kula amesimama. Si kwamba hakuwa na kochi lake. Fremu ilikuwa uani tangu mwaka wa harusi, mbao tupu, na mwenyewe alikuwa anaianikia nguo.

Sikukuu moja mama yake alikuja kuwatembelea, akakuta kochi moja limeondoka na jingine halijafika. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akanywa chai yake taratibu, kisha akamwambia bintiye, "Mwanangu, kumbe umeolewa na fundi ndoo."

Maneno hayo yalimkaa binti mwaka mzima. Sikukuu nyingine ilipokaribia alimpigia mama yake simu, akamwambia aje, safari hii atakaa kwenye kochi la mwanawe. Nilimsikia vizuri, maana ukuta ule haukuficha kitu.

"Umesikia nilichomwambia mama?" alimuuliza mumewe.

"Mmh," alijibu Misumari, mdomo umejaa.

Lakini sikukuu ndiyo inayowakumbusha watu wote kwamba makochi yao yamebonyea. Kazi zilimiminika, na fremu ya uani ikaendelea kuanikiwa nguo. Mkesha wa sikukuu ulipofika, makochi ya wateja yote yalikuwa yameshachukuliwa, isipokuwa la mwalimu wa udereva, aliyesema anasafiri na atalifuata akirudi. Misumari alilitazama, akatazama sebule tupu, akalisukuma ndani.

"Hili la nani?" mkewe aliuliza.

"Lipo kwenye majaribio."

"Mama anaingia kesho asubuhi. Nimemwambia ni langu."

"Kwani akikaa ataliuliza limezaliwa wapi?"

Mkewe alitandika kitambaa cheupe mgongoni mwa kochi, akakinyoosha, akakinyoosha tena, kama mtu anayefunika kitu kilichovunjika.

Asubuhi ya sikukuu nilialikwa chai. Mama mkwe alikuwa ameshafika, amejaa katikati ya kochi, na mimi nikapewa ile ndoo. Alijirusha kidogo kupima springi, akatabasamu.

"Sasa hapa umenikalisha," alimwambia bintiye. "Mwaka jana nilirudi na alama ya ndoo."

Binti alicheka kwa sauti ndogo, akakimbilia jikoni kuongeza maji ya chai.

Ndipo tukasikia pikapu ikisimama nje. Mwalimu wa udereva alisimama mlangoni akieleza kwamba safari imevunjika, wageni wanakuja kwake mchana, na amekuja kuchukua... Hakumaliza. Alikuwa ameliona kochi lake, na juu yake bibi mwenye kikombe. Misumari aliingiza mkono mfukoni, akatoa misumari, akaitia mdomoni. Siku ya sikukuu, bila nyundo karibu.

"Shikamoo mama," alisema Mwalimu.

"Marahaba baba. Kaa hapa na mimi, kochi ni kubwa."

Mwalimu akakaa. Alikaa kama alivyozoea kukaa pembeni mwa mwanafunzi, mguu wa kulia tayari kukanyaga breki.

"Unalionaje kochi la mwanangu?" mama mkwe alimuuliza.

"Zuri sana, mama," alisema Mwalimu, kwa uchungu.

"Rangi tu ndiyo sijui nani aliwachagulia. Kama maji ya maharage."

Mguu wa Mwalimu ukakanyaga sakafu. "Wapo wanaoipenda."

"Kila mtu na macho yake."

Nje, dereva wa pikapu alipiga honi. Hakuna aliyenyanyuka. Misumari angeweza kufanya mengi maishani, lakini si kumwambia mama mkwe wake ainuke. Hata kumtazama usoni alimtazama kwa awamu. Mwalimu naye alikuwa amelelewa vizuri. Nadhani tungekaa hivyo mpaka jioni, kama mtoto asingekuja na kipande chake cha mkate, akakaa ukingoni kabisa mwa kochi kama alivyofundishwa, na akamwona bibi yake ameegemea kwa raha zote.

"Bibi, usilizoee," alimnong'oneza, kwa mnong'ono ambao hata dereva nje aliusikia. "Hili ni la watu. Makochi yetu huwa yanaondoka."

Mama mkwe alimtazama mtoto, akamtazama Mwalimu, kisha mkwewe.

"Mkwe wangu, tema misumari tuzungumze."

Akaitema kiganjani. "Ni la Mwalimu, mama."

"Na la mwanangu?"

"Liko uani."

"Usiinuke mama, malizia chai," Mwalimu aliingilia.

"Namalizia. Na ile rangi, nisamehe."

"Aa, umesema kweli. Aliichagua mke wangu."

Mke wa Misumari alikuwa mlangoni pa jikoni na birika mkononi, macho chini. Alichokiogopa mwaka mzima kilikuwa kimemkuta mbele ya wageni. Mama yake hakumcheka. Alimaliza chai, akainuka, akasubiri kochi lipakiwe kwenye pikapu, kisha akaenda uani. Aliondoa nguo moja moja juu ya fremu, akazikunja. Akaniomba ndoo yangu, akaipindua karibu na zile mbao, akakaa.

"Nimekuja kukaa kwenye kochi la mwanangu," alisema. "Sina haraka. Kuku nimewaachia jirani."

Sijaona katika nchi yoyote kitu kinachomwamsha mwanamume kama mama mkwe asiye na tarehe ya kurudi. Misumari alifuata nyundo. Springi zilikuwepo, na mabaki ya sponji pia, lakini maduka ya vitambaa yalikuwa yamefungwa kwa sikukuu. Alikuna kichwa, akaingia karakana, akatoka na gunia la vipande vilivyobaki kwenye kazi za watu. Mkewe alivimwaga chini, akachagua, akaketi kwenye cherehani kuviunganisha. Mimi nilishika mikanda ikivutwa. Mtoto alikuwa akivitambua vipande kwa furaha kila kimoja kilipopita: hiki kwa kinyozi, hiki kwa daktari, hiki kile kilichokuwa kinawasha miguu. Kile cha maji ya maharage bibi aliagiza kiende nyuma, upande wa ukutani.

Jua lilikuwa bado halijazama tulipoliingiza sebuleni. Lilikuwa na rangi zote za mtaa, na mkono mmoja umenenepa kuliko mwenzake.

"Anza wewe," mama alimwambia bintiye.

Hakukaa. Aliomba chaki. Tukalipindua kochi, naye akapiga magoti na kuandika jina lake chini ya fremu, kubwa, kutoka pembe hadi pembe. Tulipoligeuza tena ndipo akakaa, katikati, akavua viatu.

Misumari hakuwa na msumari hata mmoja mdomoni. Yote ilikuwa imeishia kwenye mbao.

"Haya," alisema. "Lizoeeni."

Mtoto alijitupa. Mama mkwe akakaa, akajirusha kidogo, akasita.

"Hapa kwa daktari kuna msumari unanichoma."

"Nitauchomoa kesho, mama."

"Kesho zako nazijua," alisema mama mkwe, akahamia kwa kinyozi.