Waliofichwa Nyuma ya "na Wenzake"

Lubomir Żmuda alikuwa mpanga kurasa wa jarida la hisabati pale Toruń, na mkewe Jagna alikuwa mwanahisabati. Wanahisabati hawapangi majina kwa ukubwa wa kazi ya mtu. Wanafuata alfabeti, na kwa Wapolandi Ż ndiyo herufi ya mwisho. Kwa hiyo Jagna alikuwa wa mwisho kila mahali. Jarida nalo lilikuwa na utaratibu wake katika orodha ya marejeo: waandishi wa kazi wakizidi watatu, hutajwa wa kwanza tu, kisha "na wenzake". Ukilisoma, ungedhani Jagna hajawahi kushika kalamu.

Mwaka huo nafasi ya uprofesa ilikuwa wazi, Jagna akaiomba, na toleo lililokuwa mikononi mwa Lubomir lilikuwa na makala ndefu iliyopitia kazi zote za fani ya Jagna. Kamati ya uteuzi ingeisoma. Wakinywa supu ya bitiruti, Jagna alimwambia mumewe kwamba kompyuta yake inaweza kufungua majina ya kazi moja na kuyaacha mengine yamefungwa.

"Inaweza," Lubomir alikubali.

"Basi, Lubek. Amri moja tu. Nani atajua?"

"Mimi."

"Wewe hupigi kura."

Asubuhi Lubomir aliiandika amri hiyo. Jina la mkewe likatokea, likapendeza. Akaendelea kusahihisha mpaka akafika kwa Wiesława Żyła, wa idara ya Jagna, aliyeomba nafasi ileile, naye amezikwa ndani ya "na wenzake" kama kawaida. Hapo mkono ukasita. Kumfungulia mkeo mlango huku mwenzake umemfungia ni wizi, hata kama kilichoibwa hakishikiki.

Akaifuta amri ile. Akaenda kwa mhariri, Profesa Gawroński, kuomba kikomo kiondolewe kwa kila mtu. Mhariri alikuwa radhi, mradi kurasa zisiongezeke hata moja, maana karatasi ilikwisha nunuliwa. Lubomir akapunguza ukubwa wa herufi za marejeo, akabana mistari, akashinda akirudisha mahali pake michoro iliyohama. Kurasa zikatosha.

Toleo lilipotoka, Jagna alitafuta jina lake kwanza. Kisha macho yakashuka.

"Na Żyła umemweka?"

"Nimewaweka wote."

"Mume wangu, ungekuwa hakimu ningefia gerezani."

Kamati ilimchagua Żyła. Kazi zake zilikuwa nyingi zaidi, na sasa zilionekana. Jagna alirudi nyumbani, akavua buti, akakaa jikoni na koti lake mwilini. Lubomir alimwekea chai. Hakuomba radhi, maana hakuwa na kosa. Wala hakumwambia asikasirike, maana hasira ilikuwa haki yake.

"Amenishinda," Jagna alisema mwishowe.

"Kwa haki."

"Ndiyo maana inauma." Akavuta kikombe karibu. "Nisogezee sukari, halafu usiseme neno."