Mche Uliokataa Chavua Yake

Siku moja naikumbuka vizuri, mwanangu, nikiwa nimechuchumaa kwenye bustani ya mama mkwe wangu, kule kijijini Rhotia, napasua maganda ya mbegu za sukuma wiki kwa kucha. Moja baada ya jingine, ndani hamna kitu.

Mbegu ya sukuma ile mama mkwe alikuja nayo alipoolewa. Majani yake mapana, kiangazi inastahimili. Mwaka ule ugonjwa wa kuoza uliipiga bustani, ukabaki mche mmoja tu wenye afya. Tukauzungushia miiba mbuzi wasiufikie, tukaacha kuuchuma, ukarefuka, ukachanua maua ya njano. Nyuki walijaa. Kumbe maganda matupu.

Jirani yetu, Mama Tluway, akachungulia juu ya ua. "Huo tasa," akasema. "Ng'oeni, mpande maharage."

Nilikuwa na miaka kadhaa kwenye ndoa bila mtoto. Nikainama nikajifanya nakaza kanga. Mama mkwe aliniona.

"Hauong'olewi," alijibu kwa upole. "Mmea wenye maua yote haya kuna kitu unakosa. Tukijue kwanza."

Basi na mimi hamu ya kujua ikanishika, hata chakula nikawa nakisahau jikoni. Nikamtafuta bwana shamba, kijana aliyezunguka vijijini kwa pikipiki. Akautazama ule mche, akatabasamu. "Hili nimelisoma darasani, lakini kwa macho yangu sijaliona. Mnaonaje tukijaribu, mama?"

Mama Tluway alikuwa na mche wake, wa mbegu aliyogawiwa na mama mkwe zamani, nao ndiyo kwanza ulikuwa unaanza kuchanua. Tukafunga matawi ya mche wetu kwa vipande vya chandarua, nyuki wasituharibie kazi. Tawi moja tulilipaka chavua, ule unga wa njano wa maua, kutoka kwenye mche huohuo. La pili tukalipaka chavua ya kwa Mama Tluway. Kwenye la tatu, bwana shamba alifungua kwa mwiba matumba ya maua ambayo hayajachanua, akayapaka chavua ya mche wenyewe. Tangu hapo nikawa naanzia bustanini asubuhi, kabla hata ya kuwasha moto.

Tawi la kwanza, maganda matupu. La pili yakavimba vizuri. La tatu nalo likatoa mbegu, ila chache.

"Kila mche unarithi alama kwa baba na kwa mama," bwana shamba alitueleza. "Chavua ikitua, ua linaisoma. Likikuta alama ni ya kwao, linaizuia. Mche wa jirani ni wa mbegu hiyohiyo, ila alama alizorithi ni nyingine. Ni kama ninyi mnavyouliza ukoo kabla ya posa. Lile lililokuwa bado tumba halijaanza kukagua, ndiyo maana likapokea."

"Sasa kwa nini lijinyime?" nikamuuliza.

"Pandeni zote, mtaona."

Tukapanda. Miche ya tawi la tatu mingi ilidumaa. Ile ya chavua ya jirani ikasimama, majani mapana kama ya zamani. Mama Tluway alikuja kuomba mbegu, akanishika mkono. "Lile neno la siku ile, mwanangu, sikulisema kwako."

"Najua, mama," nikamwambia. "Lakini nililisikia."

Akalia. Tukalia wote.

Kuzaa sikujaliwa, na sababu yake siijui mpaka leo. Mama mkwe hakuniuliza hata mara moja. Mbegu zile alinikabidhi mimi.

Basi unapoondoka, nakuomba hivi, mwanangu. Ukikuta kitu hakizai, iwe shamba, kazi au mtu, usikimbilie kukipa jina. Uliza kinakosa nini. Ukipata wazo, lijaribu, kisha uwe na subira ya kungoja jibu, hata likiwa si lile ulilotaka. Ulichokosa kwako, kakitafute kwa jirani bila kuona haya. Na pale ambapo jibu halipatikani kabisa, kaa kimya, umpende mtu hivyo alivyo.

Mungu akupe macho ya kudadisi na ulimi usio na haraka. Mikono yako isikose cha kupanda, wala mlango wako usikose wa kubisha hodi. Nenda salama, mwanangu.