Mchora Mabango na Mizunguko Saba

Mchora mabango hakuwa mtu wa maneno mengi. Maneno yake aliyamaliza ukutani. Kibanda chake cha kazi kilikuwa na meza ndefu, makopo ya rangi yaliyopangwa kwa kufuata umri wao, na rula ya chuma aliyopewa chuoni alipohitimu, ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuitumia kufungulia soda. Maduka mengi ya mtaa ule yalijulikana kwa mkono wake. Mwenye duka aliyetaka herufi "zichangamke kidogo" aliambiwa kwa upole kwamba herufi haina haja ya kuchangamka, ina haja ya kusomeka.

Ndiyo maana mdogo wake alipoanza kushindana kwa magari alimkabidhi ubao. Mashindano yale ya magari madogo hayakuruhusu redio, hivyo dereva aliyekuwa akipita kwa kasi mbele ya mafundi wake alikuwa na njia moja tu ya kujua hali yake: ubao mweusi uliotokezwa juu ya ukuta wa pembeni mwa njia, wenye nafasi aliyopo, sekunde zinazomtenga na wa mbele, na mizunguko iliyobaki. Dada mtu alizikata mwenyewe zile namba na herufi chache kutoka kwenye bati, akazipaka njano, kila moja urefu wa shubiri moja na nusu, kwa kuwa alikwisha kupima na kuona kwamba pungufu ya hapo jicho lililo mwendoni huona ukungu. Kwa miaka sita hakuwahi kutundika namba isiyo ya kweli, hata ya nusu sekunde.

Kwa miaka hiyo sita alijibu pia swali moja. Kabla ya kila shindano, mdogo wake, ambaye uwanja mzima ulimwita Kichwa Ngumu, alimwachia mama yao tiketi langoni, kisha akauliza huku akivaa glavu:

"Mama kaja?"

"Hajaja."

Mama yao hakukanyaga tena uwanjani tangu msimu wa kwanza, mwanawe alipolala hospitalini miezi miwili, mguu ukiwa kwenye plasta. "Nilikuzaa kwa siku mbili," alimwambia. "Sitakaa kwenye benchi nikutazame ukijimaliza kwa dakika mbili."

Siku ya shindano la mwisho la msimu, hesabu ilikuwa nyepesi. Aliyebaki kugombea naye ubingwa wa madereva alikuwa mmoja tu, jamaa mtulivu aliyeitwa Daktari. Hata Daktari akishinda, ubingwa ungekuwa wa Kichwa Ngumu, mradi asishuke chini ya nafasi ya tatu. Ilipobaki mizunguko kumi, Daktari alikuwa wa kwanza, yeye wa pili, na aliyemfuata alikuwa nusu dakika nyuma yake. Kazi iliyobaki ilikuwa kuendesha kama mtu anayepeleka mayai sokoni.

Hapo ndipo giaboksi ilipoanza kulia. Fundi mkuu, mzee ambaye masikio yake yalizeekea kwenye injini, alilisikia gari likipita, akakunja uso.

"Gia ya tatu hiyo, inatafuna meno yake yenyewe," alisema. "Akiendelea kuifinya hivi, haimfikishi popote. Dada, mwambie apunguze."

Dada mtu akatundika POLE. Gari likapita, mkono ukachungulia dirishani na kupunga, maana yake nimeona. Mzunguko uliofuata ukawa wa kasi kuliko yote ya siku ile.

"Kaandikiwa pole, kasoma haraka!" fundi alifoka. "Huyu mdogo wako alizaliwa masikio yakiwa mfukoni."

"Anamtaka Daktari. Hataki ubingwa wa kupewa na hesabu."

"Basi atapewa wa kusukuma gari."

POLE ikatundikwa tena. Safari hii hata mkono haukutoka, na nyuma ya gari ukaonekana uzi wa moshi wa buluu.

Dada mtu aliugeuza ubao. Upande wa nyuma haukuwahi kuandikwa kitu. Alichukua chaki, akapiga magoti kwenye saruji. Aliandika safu mbili, kila moja herufi nne, akazinenepesha vizuri: MAMA YUPO.

Fundi mkuu alisoma, akageukia majukwaani. "Wapi?"

Ubao ulikuwa umekwisha kuinuliwa.

Gari likapita, ikabaki mizunguko saba. Kwenye kona ya kwanza, ambapo Kichwa Ngumu alizoea kuchelewesha breki mpaka watu wafumbe macho, taa zake nyekundu ziliwaka mapema. Fundi alitoa pumzi kama tairi. Saa ya dada mtu ilionyesha sekunde nne zaidi. Mzunguko wa pili, nne. Wa tatu, nne. Aliendesha hivyo mpaka mwisho, giaboksi ikinung'unika bila kuvunjika. Daktari alishinda. Kichwa Ngumu alifika wa pili, aliyemfuata akiwa karibu kumgusa, na ubingwa ukawa wake.

Alitoka garini kofia ikiwa bado kichwani, akawapita waliotaka kumbeba.

"Dada! Yuko wapi?"

"Nyumbani."

"Ametangulia?"

"Hakuja."

Alivua kofia taratibu. Mtu alimmwagia maji ya pongezi mgongoni, wala hakugeuka.

"Ulijua ni uongo, ukauandika."

"Ndiyo."

"Miaka sita sijawahi kuhoji ubao wako. Ungeniandikia niruke ukuta, ningeruka." Alivua glavu. "Kila mzunguko nilitazama jukwaani, dada. Nilikuwa natafuta kitambaa chake."

Dada mtu alianza kufuta chaki ubaoni.

"Mwakani ubao ataushika mtu mwingine."

"Sawa," alisema, kwa kuwa hakuona kosa katika hukumu hiyo.

Jioni, dada mtu alimkuta mama yao barazani nyumbani akikunja nguo.

"Mzima?" Ndilo lilikuwa swali lake la kila shindano.

"Mzima. Ni bingwa."

"Mzima inatosha."

"Mama, nimelitumia jina lako bila ruhusa." Akaeleza yote kwa mpangilio, bila kujitetea. Shuka lilibaki mikononi mwa mama likiwa nusu limekunjwa.

"Alipoona, akapunguza?"

"Sekunde nne."

"Mara moja?"

"Kila mzunguko. Yote saba."

Mama aliketi. "Na mimi miaka yote nadhani huyu mtoto hanisikii."

Kichwa Ngumu aliingia, kombe kwapani, na maneno mdomoni ambayo bila shaka aliyapanga njia nzima. Mama hakumpa nafasi.

"Weka hilo dude chini, ukae. Sekunde nne ni nyingi au chache?"

"Nyingi, mama. Kwenye gari sekunde nne ni aibu."

"Nieleze."

Alivuta kikapu cha vibanio vya nguo, akaanza kuvipanga sakafuni viwe barabara. Dada mtu alibaki mlangoni, asijue kama anahitajika. Kona ya pili aliisogeza mno karibu na ya kwanza, mama akauliza gari lingepitaje hapo.

"Dada," Kichwa Ngumu alisema bila kuinua macho, sauti ikiwa bado nzito, "kutoka hii kona mpaka hii ni mita ngapi?"

"Mia mbili na arobaini," alijibu, akachuchumaa, akakisogeza kibanio.