Maji ya Pipa la Pili

Kwa majuma mawili swali moja liliniondolea usingizi: siku nilipomwambia wifi yangu achote maji ya kloro, je, nilikuwa nimeshajua kwamba yangeharibu pombe yake, au nilikuja kujua baadaye?

Mtu mwingine angelijibu swali hilo huku akifunga viatu. Mimi nililigeuza kila upande. Hata nilifungua simu kuangalia ile podikasti yangu ya wapika bia niliisikiliza hadi dakika ya ngapi siku ile. Simu ilionyesha dakika ya arobaini. Habari za kloro zinaanza dakika ya thelathini na kitu. Lakini siku ile nilikuwa naosha vyombo huku nikisikiliza, na pengine nilirudia kipindi siku nyingine. Simu haikumbuki mtu alikuwa anawaza nini.

Nilirudi Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, na diploma ya kemia na bahasha ya barua za kuomba kazi. Mama yangu anapika lotoko, pombe kali ya muhogo na mahindi, tangu kabla sijazaliwa. Kitu chake cha thamani ni mrija wa shaba alioachiwa na mama yake. Mvuke unatoka chunguni, unaingia kwenye mrija, mrija unapita ndani ya beseni la maji baridi, na upande wa pili lotoko inadondoka chupani. Mama alijua kama moto umezidi kwa kugusa mrija kwa mgongo wa vidole. Sasa vidole vyake vimekufa ganzi. Alihitaji mkono mwingine, na siku chache baada ya kurudi kwangu niliona ameshauchagua. Ulikuwa mkono wa wifi.

Wifi ni mke wa kaka yangu, binti wa wakimbizi wa Burundi waliolima mashamba upande wa Lweba. Hakumaliza shule ya msingi. Aligusa mrija mara moja akasema, "Punguza kuni, mama," na mama akapunguza. Mimi nilisimama pale na miaka yangu mitano ya chuo, hakuna aliyeniuliza kitu.

Ndipo nilipoanza kusikiliza. Nilipata podikasti ya Kifaransa ya wanaume wawili wanaopika bia nyumbani kwao kwa kujifurahisha, huko wanakoishi. Mmoja anacheka kabla hajamaliza sentensi. Saa nzima wanaongea maji tu: maji mazito, maji mepesi, chumvi zilizomo, maji yaliyogeuzwa mvuke yakarudi kuwa maji matupu. Nilivipakua vipindi vyote nilivyoweza, nikavisikiliza nikifagia na nikimenya muhogo. Kemia nilikuwa ninayo tayari. Nilichotafuta ni neno moja ambalo wifi halijui.

Siku moja nilimwomba mama chungu na mrija nitengeneze maji yale matupu.

"Unapika nini?" aliuliza mama alipoona moto.

"Maji."

"Maji na nini?"

"Maji tu, mama."

Alipiga makofi, akamwita jirani. "Kuya uone! Bantu banapika lotoko, mutoto wangu wa université anapika maji!"

Nilimpa wifi kikombe cha kwanza. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza kwa nini maji yale hayana ladha. Aliyazungusha mdomoni, akameza.

"Haina kintu, tantine," akasema. Ananiita tantine, yaani shangazi, kwa heshima ya watoto wake. "Ni kama mvua, lakini mvua iko na ladha ya bati. Hii haina hata bati."

Maelezo yangu yote yaliisha pale. Nilicheka pamoja nao, kisha nikaingia ndani nikakaa kitandani, nimekasirika kwa sababu ulimi wake ulisoma kwa kikombe kimoja yale niliyoyasoma kwa miaka mitano.

Halafu mvua zikaanza, na kipindupindu kikarudi kama kinavyorudi. Ufukweni aliwekwa mtu wa kloro, mwenye bomba la sindano, anayetia dawa hiyo ya kuua vijidudu kwenye kila bidoni ya maji inayopita. Wifi alikuwa na mazoea ya kuchota maji ya pombe kwenye kijito, mbali kidogo. Nilimwambia aache kijito, apite kwa mtu wa kloro. Hilo lilikuwa jambo sahihi, na hadi leo ningelisema tena.

"Na maji ya pombe, tantine?" aliuliza. "Ile ya kupozesha uji?"

Maana uji wa muhogo hupikwa mzito, kisha hupozwa kwa maji baridi ndipo kimera kitiwe. Maji hayo hayachemshwi.

Nilimjibu, "Yote. Maji ni maji."

Nilijua kwamba maji si maji. Nilikuwa na saa kadhaa za wanaume wawili wakisema hivyo.

Pipa la kwanza lilipopikwa, lotoko ilitoka na harufu ya bandeji. Mama alisema huenda kimera kilikuwa na ukungu. Pipa la pili lilitoka vilevile. Mteja wetu mmoja, mama anayeuza lotoko kwa kikombe huko Swima, alinusa chupa akairudisha mezani.

"Hii ni lotoko ao ni dawa ya bidonda? Inanuka dispensaire! Bateja yangu batanywa ao batajipakala?"

Wanawake waliokuwepo walicheka. Mimi nilikuwa nimeshasikiliza sehemu ile ya podikasti kwa makini, mara tatu: kloro ikikutana na nafaka huzaa harufu ya hospitali, na hata ukiipika hadi mvuke, harufu inapanda nayo. Dawa yake ni rahisi mno. Maji ya kloro yachemshwe kabla, au yaachwe wazi siku nzima. Ni sentensi moja. Sikuisema.

Nilijiambia ningesema kesho. Nilijiambia labda si kloro, na mtu wa sayansi hasemi bila uhakika. Nilijiambia nikisema, wataniuliza nilijua lini. Wakati huo mama alikuwa ameanza kuniita mimi nije kugusa mrija. Niliugusa, nikaungua, nikasema moto uko sawa, naye akaniamini. Furaha niliyoipata ilikuwa kubwa kuliko ile ya siku ya diploma.

Lakini kwetu pombe ikiharibika mara mbili, watu hawaulizi maji. Wanauliza moyo. Wapishi wa lotoko wanaamini pipa linakataa mtu mwenye kinyongo. Wakaanza kumtazama wifi. Jirani alimuuliza amekasirikia nani humu nyumbani. Mwingine akasema, "Mugeni hata akikaa miaka, roho inabaki kwabo." Wifi aliacha kuimba akichekecha unga.

Pipa la tatu lilikuwa la kumaliza matanga ya baba yangu, aliyekufa kabla sijarudi. Mama alikuwa amesema tangu zamani kwamba atakayepika lotoko ya siku hiyo ndiye atakayebaki na mrija. Asubuhi ya kupika uji alituita wote wawili mbele ya pipa tupu. Jirani alikuwepo, na yule mama wa Swima pia. Mama alimpa wifi kikombe cha maji. Ndivyo tunavyofanya: mwenye kinyongo huchukua maji mdomoni, huyatema chini mbele ya pipa, kisha husema alichokuwa amekiweka moyoni. Akishasema, kimeisha.

"Sema tu, mwanangu," mama alimwambia kwa upole. "Kiisha mrija nitapatia mwenzako, na weye utapumzika."

"Mama, sina kintu ya kusema," alisema wifi. "Niseme nini sasa? Nitunge?"

Akakipandisha kikombe kuelekea mdomoni. Nilielewa kwamba angetunga. Angetunga kinyongo ambacho hakuwa nacho, ili tu aendelee kukaa na sisi.

Nilikichukua mkononi mwake. Nilitia maji mdomoni, nikayatema mbele ya pipa. Yalinirukia miguuni.

"Kinyongo ni changu," nilisema. "Ni maji ya kloro ndiyo yanaharibu pombe. Mimi nilimwambia ayachote. Najua sababu tangu pipa la pili, nikanyamaza. Nilitaka mrija."

Mama wa Swima aliguna. Mama yangu alinitazama kana kwamba nimezungumza Kifaransa.

"Majuma mbili, tantine?" alisema wifi. "Banasema niko na roho mubaya, na weye unasikia tu?"

"Ndiyo."

"Na nilikuamini juu ulisoma!"

Kuhusu lile swali la dakika ya arobaini, sikulitaja. Hata ningepata jibu lake, majuma mawili yangebaki palepale.

Mama aliufungua mrija kwenye kitambaa chake, akampa wifi. Mimi alinisukumia kwa mguu bidoni mbili tupu. Nilitazama mkono wa wifi ukiufumbata ule mrija, na wivu ulikuwepo bado, mzima kabisa, nisidanganye.

Nilibeba bidoni. Nilishuka ufukweni, nikapita kwa mtu wa kloro, akatia dawa yake. Niliporudi niliyamimina maji kwenye sufuria kubwa bila kifuniko, nikapanga kuni, nikawasha moto mwenyewe. Yalipochemka nilimwita wifi aje anuse kama kloro imeisha.